Gari inagonga, inavuta au usukani unatetemeka? Soma hii kabla hujanunua shokapu

Arusha hii ukimwambia fundi gari inagonga mbele, kabla hata hajainama atakwambia shokapu. Moshi nako hivyohivyo. Unaenda dukani unanunua jozi, zinafungwa, unatoka gereji umechangamka, unafika rasta za kwanza Tengeru, kong kong kong iko palepale. Sisemi mafundi ni waongo, wengi kazi wanaijua vizuri tu, shida ni kwamba gari zimepanga foleni nje na mteja mwenyewe kaja na jibu mkononi, "nataka kubadili shokapu", sasa fundi aikatae hela kwa nini? Ila shokapu iliyokufa mara nyingi inafanya gari idunde na iyumbe, kugonga sio kazi yake sana. Kinachogonga ni kitu chenye uwazi, yaani chuma kinakutana na chuma sehemu ambayo ilitakiwa kuwe na mpira au grisi. Ukishika hilo utaacha kununua vitu kwa kubahatisha.

Nitapita dalili moja moja. Gari ninazoongelea zaidi ni hizi zetu za kila siku, IST, Vitz, Premio, Noah, Rav4, ambazo mbele zina shokapu iliyosimama ndani ya springi, amu moja ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye chesisi), boljointi moja kila upande (kiungo cha gololi kati ya amu na tairi) na reki ya usukani (chuma kinachosukuma tairi ukikata usukani). Kruza (Land Cruiser) na ndugu zake nitazigusa huko mbele manake zina mambo yake.

Kabla ya yote, tairi na buti

Fungua buti utoe kila kitu, jeki, spana, tairi ya spea, lile dumu la maji. Usicheke, jeki iliyolegea kwenye sehemu yake inatoa mlio uleule wa bushi iliyokufa (ule mpira unaokaa kati ya chuma na chuma), na kuna watu wameshusha amu nzima kumbe ni wili spana inacheza. Angalia pia ekzosi kama mpira wa kuibeba umekatika, nayo inagonga chini ukipita tuta.

Halafu upepo. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, sio baada ya kutoka Boma Ng'ombe tairi zimechemka. Kipimo cha gari yako kimeandikwa kwenye stika, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, gari ndogo nyingi zinaangukia kati ya 30 na 35 psi. Vijana wa upepo wana tabia ya kujaza 40 eti barabara mbovu, matokeo yake gari inadunda kama mpira, kila kokoto unaliskia, na tairi inaliwa katikati.

Pitisha kiganja kwenye tairi, toka nje kwenda ndani halafu rudi. Tairi ni shahidi asiyehongwa. Imeliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo muda mrefu. Imeliwa katikati, upepo umezidi. Imeliwa upande mmoja tu, hapo alaimenti (jinsi tairi zilivyopangwa kuelekea) au kuna kitu kimepinda au bushi imekufa tairi ikalala. Ukipitisha mkono kwenda upande mmoja ni laini na kurudi inakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni alaimenti, tairi za mbele zinaangaliana kupita kiasi au zinapeana mgongo. Ukikuta mabonde mabonde, sehemu imeliwa sehemu haijaliwa kuzunguka tairi nzima, HAPO sasa ndo mtuhumiwa namba moja ni shokapu, manake tairi imekuwa ikirukaruka barabarani badala ya kukaa chini, japo balansi mbovu nayo inaweza kuchangia.

Cheki pia kama kuna nundu ubavuni, shimo moja la Kwa Mrombo linatosha kukata nyuzi za ndani, na ukiona nundu tairi hiyo imeshakufa, usiipeleke hata Usa River. Na soma umri wake, kwenye ubavu kuna maandishi yanaanza na DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, 1819 maana yake wiki ya 18 mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba kashata zake zinapendeza lakini mpira umeshakauka, gari inateleza na kutetemeka halafu we unahangaika na reki.

Inagonga kwenye vishimo vidogo spidi ndogo

Hii ndo dalili inayoongoza, na mara nyingi sana ni stabilaiza linki, kile kifimbo chenye vigololi viwili kinachounganisha stabilaiza, yaani ule mtarimbo mrefu unaotoka upande mmoja wa gari kwenda mwingine, na shokapu au amu. Mtarimbo kazi yake ni kuzuia gari isilale kwenye kona, tairi moja ikipanda na nyingine ikabaki chini linki inavutwa. Kwa hiyo sikiliza hivi: ukipita tuta pana ambalo tairi zote mbili za mbele zinapanda pamoja mlio unapungua au unapotea kabisa, ukiingia barabara ya mawe ambapo kila tairi inapanda kivyake mlio unarudi kwa fujo. Hapo hata hujashuka kwenye gari umeshaanza kujua.

Sasa namna ya kupima, na hapa ndo wengi wanakosea. Fundi anapiga jeki upande mmoja, anaitingisha linki, haichezi, anasema nzima. Haiwezi kucheza bwana, upande mmoja ukinyanyuliwa mtarimbo unajikunja na kuivuta linki inabana. Pima gari ikiwa imesimama kwa tairi zake zote sehemu ya tambarare, au zote mbili za mbele zikiwa juu kwa kimo kimoja, ndo uishike linki uitingishe kwa nguvu. Ikifa utaskia tik tik mkononi kabisa. Habari njema ni kwamba hii haikuui, ni kelele, unaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Palepale kuna bushi mbili za mpira zinazoshika mtarimbo kwenye chesisi. Hizi zinalia zaidi kuliko kugonga, kwiiii kwiiii ukipanda kwenye geti la nyumbani, hasa asubuhi. Chukua chupa ya maji uzimwagie, kelele ikikata kwa dakika kadhaa umeshampata mchawi. Usiweke grisi ya kawaida kwenye mpira, itautafuna.

Inagonga ukifunga breki au ukitoka rivasi kwenda D

Mlio mmoja tu, "dum", halafu kimya mpaka ufunge breki tena. Hapo ni bushi za amu ya chini, hasa ile kubwa ya nyuma. Ukifunga breki tairi inataka kubaki nyuma na gari inaendelea mbele, bushi ndo inashika hapo katikati, ikichanika amu inateleza mpaka chuma kigonge.

Kupima, mtu akae ndani abane breki, aweke D halafu R halafu D, taratibu bila kukanyaga mafuta, we simama PEMBENI, sio mbele wala nyuma ya gari, uangalie tairi ndani ya madigadi. Kutikisika kidogo kawaida, ila tairi ikienda mbele na kurudi nyuma unaona kwa macho, bushi hamna. Kuhakikisha unachukua mtaimbo mdogo unapenyeza kati ya amu na chesisi unabetua. Mpira kuwa na vijufa juu juu sio kosa, ni uzee, usibadilishe kwa sababu ya hivyo tu. Mpira ulioachana na chuma, au mafuta meusi yamevuja kwa zile bushi zenye maji ndani, ndo wa kutoa.

Tingisha tairi

Hii kila mwenye gari aijue, haihitaji ufundi. Gari tambarare, handibreki, mawe nyuma ya tairi, piga jeki tairi iache ardhi, na uweke stendi. Kama huna stendi unafanya kazi ya kutingisha tu ukiwa nje, kichwa na mikono visiingie chini ya gari inayobebwa na jeki peke yake, jeki zetu hizi zinashuka bila kuaga.

Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza ni boljointi au beringi. Kuzitofautisha, mwambie mtu abane breki ndani halafu tingisha tena: mchezo ukipotea ilikuwa beringi, manake breki imeishika habu (kile kitovu tairi inapofungwa), mchezo ukibaki ni boljointi. Halafu shika kushoto na kulia, sukuma na kuvuta. Ikicheza huku ni tairodi endi au rekendi, yaani kiungo cha nje na cha ndani cha ile fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kwenye tairi. Mwenzako aendelee kutingisha, we weka vidole kwenye ile tairodi endi ya nje, ukiskia inagonga vidoleni ni yenyewe, kama imetulia basi binya ile raba ya mikunjo ya reki uishike rekendi kwa ndani, utaiskia inaruka.

Kuna kitu cha boljointi lazima kieleweke. Kwenye hizi gari ndogo unapiga jeki kwenye bodi, amu inaning'inia, unaweka mtaimbo chini ya tairi unanyanyua. Lakini gari ambazo springi imekaa juu ya amu ya chini, mfano Surf na zile Prado za zamani, ukipiga jeki kwenye chesisi springi inaisukuma amu chini na boljointi inabana, inaonekana nzima kumbe imeisha. Hizo jeki weka chini ya amu yenyewe karibu na tairi ndo upime. Na mwenye Surf au Prado ya miaka ya 90 asiichukulie poa kabisa, boljointi yao ya chini imefungwa kwa mtindo ambao uzito wa gari unaivuta itoke badala ya kuikandamiza iingie, ikiisha inachomoka na tairi inalala chini ya gari. Mwaka 2005 Toyota waliziita gari zirudi kurekebishwa huko Marekani, zikiwemo Tacoma na 4Runner, kwa ajili ya boljointi hizohizo za chini, na 4Runner ndo hiyo Surf yetu.

Vumbi letu nalo lina mchango wake. Raba ya boljointi ikichanika kidogo tu, lile vumbi laini la kiangazi linaingia linachanganyika na grisi linakuwa msasa, mvua ikija maji yanamalizia. Kwa hiyo raba iliyochanika hata kama jointi haichezi bado, hesabu imeshaanza kuisha. Na usioshe gari kwa jeti chini ya uvungu siku unayoipeleka kukaguliwa, unafuta ushahidi wote, shokapu inayovuja mafuta inaonekana mpya na reki inayovuja imekauka.

Milio mingine kwa haraka

Tak tak tak tak ukikata kona kali na kukanyaga mafuta, ni sivii jointi ya nje (kiungo cha ile fimbo inayozungusha tairi), utakuta grisi imetapakaa kwa ndani ya rimu. Ukikata usukani gari imesimama na springi ikaruka "tong", ni beringi ya juu ya shokapu imeganda, weka kiganja kwenye springi mwenzako akate usukani, utaiskia inajikunja halafu inaachia. Muungurumo wa vuuuu unaopanda na spidi, unabadilika ukiyumbisha gari kulia na kushoto, ni beringi ya tairi: ukikata kulia uzito unalalia kushoto, kelele ikiongezeka hapo ni ya kushoto. Ila tairi yenye mabonde inatoa mlio huohuo, kwa hiyo kabla ya kununua beringi hamisha tairi za mbele zipeleke nyuma, kelele ikihamia nyuma umeokoa hela.

Kingine, sauti ndani ya chuma inasafiri. Dereva anaapa ni kulia kumbe kushoto. Fungua vioo, mtu atembee pembeni ya gari ukienda mwendo wa mguu, atakwambia ukweli.

Na shokapu zenyewe zinagonga pia, nisizionee. Nati ya juu ikilegea inagonga, mpira wa juu ukichanika inagonga, na ile iliyokwisha mafuta kabisa inafika mwisho inapiga chuma. Ila hizo unaziona, fungua boneti mtu abonyeze gari uangalie pale juu kama panaruka.

Gari inavuta upande

Kwanza jiulize inavuta kushoto au kulia. Sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinamishwa kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari kwenda kushoto polepole ukiachia usukani ni kawaida. Gari inayokwenda kulia, inapanda mwinamo, hiyo ina neno. Jaribu baipasi au ile sehemu iliyonyooka kati ya njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe, mradi barabara iwe tupu na mikono iwe karibu na usukani, na jamaa wa tochi uwakumbuke.

Badilisha tairi za mbele, ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto (kama zina mshale wa mwelekeo usifanye hivi). Gari ikianza kuvuta upande mwingine basi ni tairi, na alaimenti hata ufanye mara ngapi haitasaidia. Ikiendelea uleule, tembea kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuishika. Inayofukuta kuliko mwenzake kalipa (kile kinachobana pedi za breki) imeganda, breki inashika muda wote. Ikivuta tu wakati wa kufunga breki, ni kalipa au zile bushi za amu ya chini nilizokwisha kuzitaja. Ikianza kuvuta baada ya kuingia shimo kubwa au kupanda ukingo wa barabara, kuna kitu kimepinda, amu au ile fimbo ya shokapu, linganisha kushoto na kulia kwa macho na kwa futi.

Ukishamaliza hayo yote ndo uende alaimenti. Alaimenti kwenye gari yenye boljointi inayocheza ni kutupa hela, mashine inapima gari imesimama, ukitoka nje tu tairi inarudi kulala inavyotaka.

Usukani unatetemeka

Hapa swali ni lini. Unaanza 80, unazidi kwenye 90 na 100, halafu saa ingine unapungua ukipita hapo: balansi, au rimu imepinda, au bonge la tope limekauka ndani ya rimu. Hili la tope wakati wa masika watu wa mashamba ya mpunga kule chini Moshi wanalijua, udongo mweusi ukishika ndani ya rimu unatosha kutikisa gari nzima, chukua bisibisi ukwangue kabla ya kulipia balansi. Unatetemeka ukifunga breki tu hasa ukiwa unashuka: diski hazijanyooka. Unatetemeka ukikanyaga mafuta na ukiachia unatulia: sivii jointi ya ndani. Unatetemeka muda wote hata spidi 30 na usukani unayumba kulia kushoto: simama SASA HIVI, kaza nati za tairi, halafu angalia kama tairi haijapasuka nyuzi.

Usukani mzito, mlegevu au haurudi

Tairi zikiwa mbele sawasawa, gari inawaka, tingisha usukani kwa kidole. Ukizunguka zaidi ya sentimita 3 hivi kwenye ukingo wake kabla tairi hazijaanza kusogea, kuna sehemu ina uwazi. Anzia ndani, ile jointi ya fimbo ya usukani karibu na pedali, mtu atingishe we angalia kwa tochi, halafu mpira unaoshika reki kwenye chesisi, halafu rekendi na tairodi. Reki yenyewe weka mwisho, ndo ya bei na ndo watu wanaikimbilia kwanza.

Ukiwa mzito, fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya usukani. Hakipo? Basi usukani wako ni wa umeme, usihangaike na hidroliki, angalia taa ya usukani kwenye dashibodi na upime betri, betri ikichoka usukani wa umeme unajizima. Kikopo kipo, cheki kiwango na rangi. Toyota nyingi zinatumia ATF (mafuta ya gia otomatiki), Honda wana mafuta yao wenyewe, usichanganye kwa sababu muuza duka kasema yote ni mamoja. Yakiwa na povu kuna hewa inaingia, na ndo utaskia pampu inalia ngurrr ukikata usukani. Mlio mkali wa kupiga kelele ukifika mwisho ni belti imelegea. Mshindo wa shhh ukifika mwisho kabisa ni kawaida, ila usishikilie pale, unaichemsha pampu bure.

Mafuta yakipungua kila wiki binya raba za reki, ikiwa imejaa kama kibofu sili za reki zimekufa, na hapo kuongeza mafuta ni kuahirisha tu. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona ni ile beringi ya juu ya shokapu, boljointi iliyokauka, au jointi ya fimbo ya usukani imeshika kutu. Au upepo mdogo, rudi mwanzo.

Kruza na gari za kazi

Gari zinazopanda Ngorongoro na kushuka Naabi kila wiki zinapigwa na barabara za vumbi zenye mawimbi mpaka kila nati inaomba msamaha. Kruza ya eksoli nzima mbele haina boljointi za amu, ina beringi za kingpini (egemeo ambalo tairi inageukia) kwenye ile tufe kubwa, na zikilegea unapata ule mtikisiko mbaya, unapita kishimo spidi 60 usukani unaanza kujizungusha kwa fujo hauachi mpaka upunguze kabisa. Watu wanafunga shokapu mpya ya usukani, inatulia mwezi, inarudi, manake shokapu ile inaficha tu. Pima kingpini (juu na chini, breki imebanwa), bushi za lile fimbo la kushika eksoli ubavuni, tairodi, halafu beringi za habu, ndo umalizie na shokapu ya usukani.

Nyuma kwenye springi bapa zilizopangana, kagua boliti za U kila ukitoka safari ya vumbi, na boliti ya katikati. Ile ikikatika eksoli inasogea na gari inatembea kiupande, ukiwa nyuma yake unaona kabisa pua inaangalia kwingine, na dereva anageuza usukani kidogo ili iende mbele. Watu wa Kanta na Hailaksi wanaijua hiyo, mara nyingi wanaendesha hivyohivyo miezi.

Wakati wa kufunga

Vitu vya kutoondoka navyo gereji: boljointi inayocheza, tairodi au rekendi inayocheza, tairi yenye nundu, nati ya tairodi isiyo na spliti pini (ile pini inayozuia nati isifunguke). Hii ya mwisho iangalie kwa macho yako baada ya kazi, pini ya zamani haitumiki tena, na waya wa kufungia uzio sio pini.

Kama mnabadili bushi za amu, boliti zake zishikishwe tu gari ikiwa juu, zikazwe mwisho gari ikiwa imeshushwa imekaa kwa tairi zake. Bushi ya mpira haizunguki, inajikunja, ukiikaza amu ikiwa inaning'inia basi gari ikishuka mpira tayari umekunjwa kupita kiasi, kila tuta unaichana zaidi, na baada ya miezi miwili mitatu unalaumu spea feki. Feki zipo nyingi ndio, lakini bushi nyingi zinauliwa hapo kwenye jeki. Na fundi akishusha reki, usukani ufungwe na mkanda wa siti usizunguke, ule utepe wa waya wa eabegi ulioko ndani ukizungushwa kupita kiasi unakatika na taa ya eabegi inawaka.

Ukigusa tairodi, rekendi, amu au shokapu za mbele nenda alaimenti baada ya hapo, na udai karatasi ya vipimo, kabla na baada. Ukitoka na usukani umekaa upande wakati gari inaenda moja kwa moja, rudi siku hiyohiyo, tairodi za kushoto na kulia hazijarefushwa sawa. Atakayekwambia "ngoja niutoe usukani niufunge upya kwenye meno yake" mkatalie, atakuwa amenyoosha usukani na kuacha reki imepinda, kona ya kulia utakata vizuri, ya kushoto haiishi.